Njia za Mbao: Kutoka Mikoko ya Pete hadi Mafunjo ya Mto Mara

Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, magari ya watalii hujipanga kwenye kingo za Mto Mara pale Kogatende na Lamai, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wageni hukaa saa nyingi juani wakisubiri nyumbu wavuke. Si wote wanaofika ng'ambo: watafiti waliofuatilia mizoga mtoni walikadiria kuwa nyumbu wapatao 6,200 huzama humo kwa wastani kila mwaka. Dunia nzima inaujua uvukaji huo. Miti iliyosimama nyuma ya wanyama hao, yenye vivuli vizito na majani yasiyopukutika hata kiangazi kikiwa kikali, karibu hakuna anayeipiga picha.

Miti hiyo ni mabaki ya msitu wa kale wa kando ya mto, na umekuwa ukipungua kwa miongo kadhaa. Moto na tembo vimetajwa kuwa chanzo, na kweli vimechangia. Lakini mwaka 2009 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Gregory Sharam, Anthony Sinclair na Roy Turkington ulioonyesha jambo la ziada. Miti ya msitu huo huzaa matunda, na matunda huliwa na ndege. Mbegu iliyopita tumboni mwa ndege hutoka ikiwa imevuliwa nyama yake, na ikishavuliwa, wadudu watoboa mbegu, wa jamii ya wale wanaotoboa maharage ghalani, hawaishambulii tena kwa kiasi kile. Mbegu isiyomezwa huanguka chini ya mti mama na kutobolewa ikafa. Sasa msitu ukishafunguka, moto ukapita, miti mikubwa ikaanguka, wale ndege wala matunda wanahama. Ndege wakihama, wadudu wanatamba. Wadudu wakitamba, hakuna mche unaoota. Msitu unazeeka bila kuacha watoto.

Habari kama hiyo haionekani kwa kupita na gari. Inataka mtu ashuke, atembee taratibu, ainamishe kichwa aokote tunda, kisha akiinue amtafute ndege. Na hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu misitu mingi ya thamani imesimama penye maji: kando ya mto, kwenye bwawa, kwenye ufuko wa tope. Miguu ya wageni ikizidi katika ardhi ya namna hiyo, huua kile walichokuja kukiona.

Dawa yake inajulikana duniani, nayo ni njia ya mbao.

Ukiitazama haina makuu. Nguzo huchimbiwa kwenye tope, boriti mbili hulazwa juu yake, kisha mbao fupi hupigiliwa kukingama boriti hizo. Kati ya ubao na ubao huachwa upenyo wa upana wa kidole. Upenyo huo una kazi mbili: hupitisha maji ya mvua ili mbao zisioze upesi, na hupitisha mwanga ili mimea ya chini isife gizani. Pasipo na mbao, kila mgeni hutafuta pakavu pa kukanyaga. Kijia kimoja huzaa vijia vitano, tope hushindiliwa likawa gumu, mizizi hukatika. Mti ulioota penye maji tayari una shida ya hewa mizizini. Ukiyashindilia matope yaliyouzunguka, umeuziba pumzi.

Katika Kisiwa cha Vancouver, magharibi mwa Kanada, mvua hupita milimita 3,000 kwa mwaka na mierezi yake huweza kuishi zaidi ya miaka 1,000. Huko Hifadhi ya Pacific Rim imetandika mbao ndani ya msitu ili watu wapite kati ya miti hiyo bila kuigusa mizizi. Lakini mtu wa Mugumu au Tarime mjini hana haja ya kwenda Kanada kuona mfano. Akifika Dar es Salaam na kupanda boti ya Unguja, ameshaukaribia.

Dala-dala za Makunduchi na Jambiani hupita Jozani, kiasi cha kilomita 35 kutoka Mji Mkongwe. Hapo ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, hifadhi ya taifa pekee ya Zanzibar, iliyotangazwa mwaka 2004 ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 50. Mwaka 2016 UNESCO iliipa hadhi ya hifadhi ya binadamu na viumbe hai. Si msitu ambao haujawahi kuguswa. Katika karne iliyopita miti yake ilikatwa ikapasuliwa mbao, na sehemu ya mitondoo minene anayoiona mgeni leo ilipandwa na watu. Kinachoufanya uwe wa pekee ni maji: chini ya Jozani maji yako karibu sana na uso wa ardhi, na masika yakikolea, msitu wenyewe hufurika. Ndiyo maana mitondoo na mikindu imeshonana pale ilhali hatua chache tu pembeni, kwenye maweni, hakuna zaidi ya vichaka vilivyobana juu ya jiwe la matumbawe.

Njia ya mbao yenyewe iko upande wa pili wa barabara, katika mikoko ya kijiji cha Pete. Anayekuja kwa miguu hupita kwanza kwenye kichaka kikavu, mawe yakichoma nyayo, na bila onyo lolote nchi inabadilika. Harufu ya chumvi na majani yaliyooza inapanda. Mbao zinaanza.

Maji yakiwa yamepwa, mtu akisimama juu ya mbao hizo na kutulia kidogo, tope lililokuwa tupu linaanza kujaa viumbe. Kaa hutoka mashimoni mmoja mmoja; wapo madume wenye gando moja kubwa kupita mwili wao, wanalinyanyua na kulishusha kuwaita majike na kuwatisha wapinzani. Kaa wengine hukamata jani lililoanguka na kulivuta shimoni. Kazi hiyo ndogo ina maana kubwa, kwa kuwa majani hayo yangechukuliwa na maji kupwa na kujaa, na kaa wanayabakiza yakawa mbolea ya mikoko. Mkoko wenyewe umesimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, na mbegu yake huota ingali inaning'inia mtini, ikarefuka hadi ikawa kijiti cha kijani kilichochongoka. Ikidondoka maji yakiwa yamepwa, hujichoma kwenye tope ikasimama. Ikidondoka yakiwa yamejaa, huelea hadi itakapopata pa kushika.

Mbele kidogo kuna mchu. Huu haujengi miguu. Hutuma vidole vya mizizi vichomoze juu ya tope vivute hewa. Ukikanyaga vidole hivyo umekanyaga pua ya mti. Jani lake ukiligusisha ulimi lina chumvi, kwa sababu mchu huinywa chumvi ya bahari na kuitoa kupitia majani. Mtoto wa shule aliyeonja jani hilo mara moja hatasahau somo la mimea ya pwani, na mwalimu hatakuwa na haja ya kulirudia ubaoni.

Juu ya vichwa wanapita kima punju, wekundu mgongoni, nywele nyeupe zikizunguka nyuso nyeusi. Hawapatikani kwa asili popote duniani isipokuwa Unguja na visiwa vyake vidogo. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 iliwakadiria kuwa zaidi ya 5,800. Wanapenda majani machanga, ya msituni, ya mashambani na hata ya mikoko, na wana tabia moja iliyowashangaza wanasayansi: wanakula mkaa. Thomas Struhsaker na wenzake walichunguza jambo hilo katika miaka ya 1990 wakaona kuwa mkaa huwasaidia kunasa sumu iliyomo katika majani ya miti kama miembe na mikungu, hivyo wakapata chakula ambacho wanyama wengine wanakiacha.

Kwa muda mrefu wakulima wa huko waliwaona kima hao kuwa wezi wa nazi. Struhsaker na Kirstin Siex walikwenda kwenye mashamba wakahesabu, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 1999 yalikuwa kinyume cha matarajio: pale kima walipokula vidaka vingi, mavuno ya nazi hayakupungua, na kulikuwa na dalili kwamba yaliongezeka, kwa kuwa mnazi hupukutisha vidaka vyake vingi hata usipoguswa, na kupunguziwa kulisaidia vilivyobaki. Hata hivyo utafiti peke yake haumshibishi mkulima. Kilichobadilisha hali ni fedha. Sehemu ya mapato ya wageni ilipangwa irudi vijijini na kwa wakulima ambao kima hushinda mashambani mwao, na mapato ya njia ya mbao yakawa ya kusaidia maendeleo ya kijiji. Tangu hapo kima akawa na watetezi ambao hawakuajiriwa na serikali.

Hilo ndilo la kuzingatiwa na yeyote anayetaka kujenga njia ya namna hii. Mbao ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni daftari la mapato, na nani analishika.

Wanawake wa Gazi, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya, wanalijua hilo. Kikundi chao kina njia ya mbao yenye urefu wa mita mia kadhaa ndani ya mikoko ya kijiji. Wanatoza kiingilio, wanaeleza miti na viumbe wake, na mgeni akitaka chakula wanampikia. Kijiji hicho, pamoja na jirani yake Makongeni, ndicho kilichoanzisha Mikoko Pamoja mwaka 2013, mradi wa kwanza duniani wa jamii kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko. Hekta 117 tu zinalindwa, na fedha yake imeingia kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule. Mikoko ikikatwa, mapato yanakatika. Hakuna anayehitaji kuhubiriwa.

Kaskazini zaidi, Mida karibu na Watamu, iko njia nyingine inayoning'inia kwa kamba juu ya tope hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Mapato yake husaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari wanaotoka katika jamii zinazopakana na ghuba hiyo na Msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao kwa kilomita za mraba zipatazo 420 ndio mkubwa kuliko misitu yote ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki. Mzazi ambaye karo ya mwanawe imetoka msituni hamwonei haya mkata miti, hata akiwa ni ndugu yake.

Lakini mfano unaofanana zaidi na Mara hauko pwani. Uko magharibi mwa Uganda, Bigodi, jirani na msitu wa Kibale. Hapo pana bwawa la mafunjo liitwalo Magombe, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanakijiji kupitia chama chao cha KAFRED wamekuwa wakiwapitisha wageni humo kwa miguu: mahali pakavu kwa njia ya udongo, mahali pa maji kwa mbao. Waongozaji ni vijana wa palepale. Wageni huona kima wa aina kadhaa na ndege ambao ni shida kuwaona kwingine, na mapato yalisaidia kuanzisha shule ya sekondari ya kijiji. Mwaka 2010 KAFRED ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Bwawa hilo lingeweza kukaushwa likalimwa, na mabwawa mengi ya jirani yalikaushwa. Hili halikukaushwa kwa sababu likiwa na maji lina faida kubwa zaidi.

Sasa turudi Mara. Mto huo huanzia milima ya Mau nchini Kenya, husafiri kilomita 395 hivi, hupita Serengeti, kisha kabla ya kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma hutawanyika ukawa ardhioevu kubwa ya mafunjo inayoguswa na wilaya za Tarime, Serengeti, Rorya na Butiama. Wenyeji huvua humo kambare na kamongo, hukata mafunjo ya mikeka na kuezekea, na hulisha ng'ombe pembezoni kiangazi kinapobana. BirdLife International imeyaorodhesha mabwawa ya Masirori na ghuba ya Mara kuwa eneo muhimu la ndege. Yupo humo ndege mmoja mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, utosi wa manjano, anayeishi kwenye mafunjo peke yake. Mafunjo yakitoweka, naye hana pa kwenda. Upande wa Serengeti, kwenye misitu ya kando ya Mto Grumeti, wapo mbega weusi wenye mikia myeupe, ndugu wa mbali wa kima punju, waliozingirwa na mbuga kama walio kisiwani. Wageni wengi hupita chini ya miti yao wakikimbilia simba.

Mazingira hayo yameonja taabu. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, samaki wakafa kwa wingi, na serikali ikazuia kwa muda matumizi ya maji na samaki wa eneo hilo. Kamati iliyoundwa ikaja na maelezo yake, na mjadala ukawa mkubwa. Mabishano yale yalionyesha wazi jinsi ambavyo watu wachache wanaingia kwenye bwawa hilo kwa macho ya kuchunguza, ukiwatoa wavuvi na wachungaji. Bwawa lenye njia ya mbao hupitiwa kila wiki na wanafunzi, waongozaji na wageni. Maji yakibadilika rangi Jumatatu, Jumanne kuna anayejua.

Ni haki kusema kwamba Mara ina ugumu ambao Pete haina. Mbao za pwani huliwa na maji ya chumvi na viumbe watoboao mti. Za Mara zitaliwa na mchwa pale zinapogusa nchi kavu, na kuchomwa na moto wa kiangazi. Kuna mamba na viboko. Hakuna fundi mwenye akili atakayejenga njia ya wageni mahali viboko wanapopandia kwenda malishoni usiku. Njia hiyo itavunjwa, na mtu anaweza kufa. Pa kuchagua ni pale ambapo wavuvi na wakata mafunjo wa miaka mingi wanasema pana usalama, na nguzo ziwe ndefu. Tena ndefu kweli: Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuipita rekodi ya mwaka 1964, na mwenye kupima urefu wa nguzo kwa maji ya mwaka wa ukame atajuta.

Kuna na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, kwa hiyo kijiji hakiwezi kuamka asubuhi na kuanza kupigilia misumari. Panahitajika mazungumzo na chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na halmashauri. Ni mlolongo mrefu, ila si mgeni kwa watu wa wilaya hizi. Vijiji vitano vya Serengeti, Robanda kikiwamo, vimeshaunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona na kujifunza kugawana mapato ya utalii, pamoja na magomvi yake. Uzoefu huo ni mtaji.

Walio Tarime wana faida nyingine inayosahaulika: barabara ya lami ya Musoma hadi Sirari inapita wilayani kwao, na daraja la Kirumi linavuka mafunjo yenyewe. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya Tarime anaweza kufika ukingoni mwa bwawa na kurudi kwao kabla jua halijazama, bila kiingilio cha hifadhi na bila gari la watalii. Kumwonyesha jinsi mafunjo yanavyochuja tope linaloshuka kutoka mashambani, na kwa nini samaki huja kutaga humo, ni somo ambalo kitabu hakilimalizi.

Kila tarehe 15 Septemba Tanzania na Kenya huadhimisha Siku ya Mara. Hotuba hutolewa, miche hupandwa, viongozi hupiga picha. Ni jambo jema, na liendelee. Lakini halmashauri za Tarime na Serengeti, zikisaidiana na vijiji vya kando ya mto, zinaweza kuongeza moja: ziketi na wavuvi, zichague sehemu moja iliyo salama, zitafute kibali, na zijenge mita mia mbili za kwanza za mbao, mapato yake yasimamiwe na kamati ya kijiji ambayo hesabu zake zinasomwa mbele ya mkutano mkuu. Zianze na mita mia mbili tu. Gazi nako hawakuanza na kilomita.